KUPANDA VILIMA KWA SIKU MOJA: MAANDALIZI NA USALAMA WA MWANAFUNZI WA KIISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeitandaza ardhi na kuithibitisha kwa milima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, vijana wa madrasa huja na ombi lile lile: twende matembezi. Ombi hili ni zuri. Wilaya yetu ya Ngara ni ya vilima mwanzo hadi mwisho, na mtu wa Kabanga hahitaji nauli ya kwenda Kilimanjaro ili apande mahali, atazame bonde kwa chini na kumtukuza Muumba wake. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Maswahaba walipokuwa wakipanda walileta takbira, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Kwa hiyo hata mteremko wa Ngara una dhikri yake.

Ila safari ya siku moja imewahi kuwatoa watu roho, na mara nyingi si kwa sababu ya mlima wenyewe. Ni kwa sababu ya kuchelewa kutoka, maji kidogo, mvua ya mchana, au kiongozi asiyejua watoto wake ni wangapi. Yakishatokea husikii ila neno moja: ni kudra ya Allah. Neno hilo ni la kweli, lakini wako wanaolitumia kufunika uzembe, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

KUMTEGEMEA ALLAH SI KUACHA KUJIANDAA

Hadithi ya yule bedui na ngamia wake mnaijua nyote. Aliuliza amwache ngamia bila kumfunga kisha amtegemee Allah, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee (Tirmidhi). Isiyotajwa sana ni habari ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila masurufu wakidai kuwa wao ni wenye kutegemea, kisha wakifika Makka wanaombaomba. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kuwa ni juu yao ilipoteremka aya inayoamrisha kuchukua masurufu (Qur'an 2:197). Mwanafunzi anayetoka nyumbani bila chupa ya maji akitegemea kuomba ya mwenzake, aisome aya hiyo na ajitazame.

Tutazame pia Hijra ya Mtume (s.a.w.). Hakuna aliyemtegemea Allah kuliko yeye, naye alijua kuwa Allah yu pamoja naye. Pamoja na hayo safari ile ilipangwa kama inavyopangwa kazi kubwa. Ngamia wawili waliandaliwa mapema. Alikodiwa kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Aliahidiana nao kukutana kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Abdullah mtoto wa Abu Bakr (r.a.) alileta habari za mjini usiku. Amir bin Fuhayra alileta kondoo ili wapate maziwa. Asmaa bint Abu Bakr (r.a.) aliupasua mkanda wake kufungia chakula. Chukueni hapo: kuna mjuzi wa njia, kuna mahali na siku ya kukutana, kuna mleta habari, kuna chakula, na kila mmoja ana kazi yake. Kamati nyingi za matembezi zinashindwa hata kuandika orodha ya majina.

KIONGOZI, HESABU NA RUHUSA

Mtume (s.a.w.) ameagiza watu watatu wanapotoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri (Abu Daud). Amiri wa matembezi si lazima awe mwenye sauti kubwa. Awe mtu mzima anayejua njia, na neno lake likubaliwe kabla ya kuondoka, kwa sababu kule juu si mahali pa kufanya uchaguzi. Mwalimu mmoja atembee mbele, mwingine awe wa mwisho kabisa na asimwache mtu nyuma yake. Mwendo uwe wa yule aliye mzito kuliko wote. Wasichana wawe na walimu wao wa kike, na hili si la mapambo. Msichana anayeumwa tumbo au aliyepatwa na hedhi njiani hatamweleza ustadhi, atanyamaza mpaka azidiwe.

Hesabu ya watoto ifanyike wakati wa kuondoka, kila mnapopumzika, baada ya kila swala na kabla ya kuanza kushuka. Ihesabiwe kwa majina, isiwe kwa kukadiria. Orodha mbili ziandikwe: moja ya amiri, moja ibaki madrasa kwa mtu atakayekaa na simu siku nzima. Mtu huyo ajue njia mtakayopita na saa mtakayorudi, na saa hiyo ikipita aanze kuuliza bila kuona haya.

Mtendaji wa kijiji mnachopita apewe taarifa. Sisi tunaishi mpakani. Vijia vya ng'ombe vilimani havijui Tanzania wala Burundi, na kwa kuwa Kihangaza na Kirundi husikilizana, unaweza kumsalimia mchungaji, ukamwuliza njia, akakujibu vizuri na usijue kuwa umekwisha kuvuka. Anayetaka kwenda upande wa pili apite kituoni Kabanga, avukie Kobero na hati zake. Kundi la vijana 40 lisilo na barua, likikutwa na askari kichakani karibu na mpaka, lina maelezo marefu ya kutoa. Wazee wanakumbuka miaka ambayo magari yalisindikizwa na polisi kupita misitu ya Biharamulo kwa ajili ya majambazi. Tumshukuru Allah kwa utulivu, lakini tusitembee kiholela.

Kadhalika mjue kuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo wengi bado wanayataja kwa majina hayo, tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Huko huingii kwa miguu kwa kujiamulia. Kuna tembo, nyati na simba, na kuna sheria. Wanaotaka kwenda waandikiane na TANAPA na wapewe askari.

SAA, SWALA NA KIBLA

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa makosa ya saa yanaharibu swala na yanawaweka watoto gizani.

Kwanza, simu. Burundi na Rwanda saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukipanda kilima karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na saa yake ikajirudisha nyuma yenyewe. Unatazama, unaona saa 9 alasiri, unasema bado mapema, kumbe ni saa 10. Kabla ya kuondoka, ondoa mpangilio wa saa kujibadilisha, au amiri avae saa ya mkononi.

Pili, ratiba za swala zinazochapishwa Dar es Salaam hazitufai. Sisi tuko magharibi sana, hivyo jua letu linachelewa kuliko la Dar kwa zaidi ya nusu saa. Mwezi Julai, zawali hapa Kabanga ni kama saa 7 na dakika 4 mchana, Alasiri huingia karibu saa 10 na nusu, na jua huzama saa 1 na dakika mbili tatu. Baada ya hapo giza la nchi zetu haliji polepole.

Mnaweza kujipimia wenyewe. Simamisheni fimbo ya mita 1 mahali tambarare. Kivuli kitaendelea kufupika hadi zawali, kisha kianze kurefuka, na hapo Adhuhuri imeingia. Katikati ya Julai kivuli kifupi kabisa kwetu ni kama sentimita 45. Alasiri huingia, kwa kauli ya Imamu Shafii na wengi wa maulamaa, kivuli kinapofikia urefu wa fimbo pamoja na kile cha zawali, yaani kama sentimita 145.

Fimbo hiyo hiyo inaonyesha kibla. Mwezi Juni na Julai jua la zawali liko upande wetu wa kaskazini, na kivuli kinalala kusini. Kipe kivuli mgongo, uso wako utakuwa kaskazini. Dar es Salaam wangeweza kuishia hapo, maana Makka iko karibu kaskazini yao kabisa. Sisi wa Kabanga tugeuke kulia kama nyuzi 20. Ukiichukulia kaskazini kuwa ni namba 12 ya saa ya ukutani, kibla yetu iko theluthi mbili ya nafasi kati ya 12 na 1. Tahadhari: mwezi Desemba mambo hugeuka, jua la zawali linakuwa kusini na kivuli kinaelekea kaskazini. Asiyelijua hili ataipa Makka mgongo huku ana uhakika kabisa.

Je, tupunguze swala? Hapana. Masafa ya kupunguza kwa madhehebu yetu ni kilomita 80 na zaidi, na kilima cha jirani hakifiki huko. Adhuhuri ni rakaa nne kwa wakati wake. Maji yakiwa ni ya kunywa tu na hakuna mengine karibu, tayammamu imeruhusiwa (Qur'an 5:6), na udongo mkavu na safi unapatikana kila mahali. Usimnyime mwenzako maji ya kunywa ili utawadhe. Siku ya Ijumaa msipange safari inayokula swala ya Ijumaa. Na anayefunga sunna ya Jumatatu au Alhamisi achague: afunge abaki, au aende ale.

MAJI, CHAKULA NA MAVAZI

Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, na mbili ni bora. Ya mtoni yachemshwe au yatiwe dawa. Mtu aliyeharisha au aliyetoka jasho mpaka akaishiwa nguvu apewe lita moja ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta visivyojaa kilima. Anywe kidogo kidogo. Chakula kiwe cha kushiba na kisichoharibika: viazi vitamu, ndizi, karanga, maandazi, tende zikipatikana. Wali wa nazi uliopikwa usiku na kufungwa ukiwa moto utawaumiza matumbo.

Viatu ni raba zilizokwisha kuzoea mguu. Ndala zibaki nyumbani. Kanzu haifai kwa miamba, itakunasa mguu wakati wa kushuka. Suruali pana na shati refu vinatosha, na dada zetu wavae gauni pana lisilofika ardhini na suruali ndani yake, na mtandio uliobanwa vizuri. Kwa anayekwenda upande wa Biharamulo kwenye mbung'o, rangi nyeusi na ya buluu iliyokoza huwavuta wadudu hao, wanaoeneza malale. Sitara ni wajibu, weusi si wajibu. Asubuhi za Julai vilimani zina baridi, sweta isidharauliwe.

RADI

Msimu wetu wa mvua ni mrefu, kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Mei, na radi za kanda hii ya Ziwa si za kusimuliwa. Januari 2025 wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilaya ya Bukombe, mkoa jirani wa Geita, walifariki kwa radi. Allah awarehemu na awape subira wazazi wao. Kwa hiyo matembezi bora ni ya Juni mpaka Agosti, na yaanze mapema, baada ya Alfajiri. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake (Abu Daud na Tirmidhi), na wingu la ngurumo kwa kawaida hujikusanya mchana.

Ukiona mwako wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa hukufika 30, radi iko karibu vya kutosha kukupiga. Shukeni kutoka kileleni, mkimbilie nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa. Mti uliosimama peke yake ni adui, hata kama mvua inawalowesha. Pasipo na nyumba, tawanyikeni, kila mmoja achuchumae miguu ikiwa pamoja, asilale chini. Msianze tena safari mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshike bila hofu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, zaidi ya mara 100 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari.

Kuna wanaosema radi ya fulani imetumwa, na wanaanza kumtafuta jirani wa kumtuhumu. Ngurumo inamtukuza Allah kwa kumhimidi (Qur'an 13:13), na radi humpata amtakaye Allah. Kumbebesha bibi kizee wa watu dhambi hiyo ni dhuluma, na kumwendea mganga akukinge nayo ni shirki.

KUGEUKA NJIANI

Amiri ndiye wa kuamua kurudi, na hapa wengi hushindwa kwa aibu, maana watoto wamechanga fedha na kilele kinaonekana. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anakimbia kudra ya Allah. Umar akamjibu kuwa anakimbia kutoka kudra ya Allah kwenda kudra ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeingia bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine limekauka: popote atakapochunga ni kwa kudra ya Allah (Bukhari). Wachungaji wa Ngara mfano huu wanauelewa kuliko sisi tuliousoma kitabuni. Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka. Ikifika, mgeuke, hata kama zimebaki hatua 200.

NYOKA, MOTO, MITO NA MAPANGO

Kifutu halali mbali na njia, na hakimbii, hungoja akanyagwe. Tembea na fimbo, tazama unapoweka mguu, usitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa kwenye tundu (Abu Daud), kama alivyokataza kujisaidia njiani na kwenye kivuli cha watu. Aliyeumwa na nyoka alazwe, atulizwe, avuliwe pete na saa, mguu au mkono ufungwe kwa mti usicheze, kisha abebwe mpaka hospitali, Murgwanza au Rulenge, kutegemea mlipo. Usimchanje, usimnyonye sumu, usimkaze kamba, wala usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Swila akitema sumu machoni, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu. Jabir (r.a.) amesimulia habari ya msafiri aliyejeruhiwa kichwani kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamkatalia kutayammamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza (Abu Daud). Walikuwa na nia njema.

Mwezi wa Julai na Agosti nyasi hukauka na watu huchoma vilima. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko mtu. Ukiuona chini yenu, msikimbilie juu. Pitieni pembeni, au ingieni mahali palipokwisha kuungua. Ruvubu na Kagera zina mamba na viboko, msiogelee wala kutawadha ukingoni. Mto Kagera kwenye maporomoko ya Rusumo ni wa kutazamwa tu.

Mapango ni jambo jipya kwa wengi. Biharamulo yetu ilikumbwa na ugonjwa wa Marburg. Ulitangazwa tarehe 20 Januari 2025 na kutangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo. Walihesabiwa watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote walifariki. Mwaka 2023 ulikuwa umeupiga mkoa wetu kwa mara ya kwanza, wagonjwa 9, vifo 6. Virusi vyake hubebwa na popo wa matunda wanaolala mapangoni. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliingia pango lenye popo magharibi mwa Uganda, katika matembezi ya siku moja kama haya yetu, akarudi kwao akiwa mzima na baada ya siku chache akafa. Basi pango lenye popo msiingie, hata kwa kuchungulia. Msile embe au pera lililomegwa na popo, msiguse mnyama mliyemkuta amekufa. Mtoto akipata homa kali ndani ya wiki tatu baada ya matembezi, mzazi amwambie daktari alikokwenda.

Mwisho ni sauti. Filimbi ni bei ndogo na inasikika mbali kuliko koo la mtoto. Kubalianeni: milio 6 kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Wanakijiji pengine hawaijui ishara hiyo, wao wanajua yowe, na watakuja kwa yowe. Kwa hiyo asipige mtu yowe kwa mzaha.

ZOEZI

1. Fimbo ya nusu mita mwezi Julai hapa Kabanga itakuwa na kivuli cha urefu gani Alasiri inapoingia?

2. Umeona mwako, ukahesabu 12 ndipo ukasikia ngurumo. Radi iko umbali gani, na amiri afanye nini?

3. Muulize babu au bibi yako ni kilima gani cha karibu ambacho watu walipotea au kudhurika, na kwa sababu gani. Andika ukurasa mmoja ulete darasani.